Sura ya Saba: Jicho Jekundu na Jicho Lisilouma

Swali linaloulizwa kila siku katika maduka ya dawa ni hili: jicho limekuwa jekundu, dawa gani ya matone inafaa? Muuzaji ananyoosha mkono kwenye rafu, kichupa kinatoka, na mgonjwa anaondoka akiamini ametibiwa. Mara nyingi jicho linapona, kwa kuwa lingepona hata bila kichupa hicho. Safari nyingine halipati nafuu, na baada ya wiki mbili daktari wa macho anakuta kovu jeupe pale palipokuwa na mkwaruzo mdogo tu.

Kasoro ya swali hilo ni kwamba linauchukulia wekundu kuwa ndio ugonjwa. Wekundu ni mishipa ya damu iliyotanuka. Unaweza kuletwa na kirusi, bakteria, fangasi, vumbi, mzio, jeraha, au presha ya jicho iliyopanda ghafla. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja huweza kuliharibu jicho lenye kingine. Isitoshe, baadhi ya magonjwa yanayowapofusha watu wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi hukaa nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina, na hayaleti wekundu wala maumivu. Kwa hiyo jicho linalouma lichunguzwe kabla ya kuwekewa dawa, na jicho lisilouma lichunguzwe kabla halijaanza kusumbua.

Maneno matatu yatajirudia katika sura hii. Konjaktiva ni utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope. Konea ni kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Hakina mishipa ya damu, na ndiyo sababu kinapitisha mwanga. Retina ni tando la fahamu lililotandazwa ukutani nyuma ya jicho. Ndilo linalopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo.

Macho mekundu ya mlipuko

Januari 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania iliutahadharisha umma kuhusu mlipuko wa macho mekundu, wakati kliniki za macho za Dar es Salaam zikipokea wagonjwa wengi kuliko kawaida. Katika kipindi hicho pwani ya Kenya, Mombasa ikiwemo, nayo ilikumbwa. Milipuko ya namna hii huletwa na virusi, hasa vile vya kundi la adenovirusi. Mlipuko mwingine uliotikisa Afrika ulionekana kwanza Ghana mwaka 1969, mwaka ambao chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini, na watu wakauita ugonjwa huo Apollo. Ule uliletwa na kirusi cha jamii nyingine, na weupe wa jicho ulivilia damu.

Ugonjwa wa virusi huanza jicho moja, na siku mbili tatu baadaye la pili linafuata. Machozi yanatiririka, mgonjwa anahisi kama mchanga umeingia, matongotongo ni mepesi ya majimaji, na tezi iliyo mbele ya sikio huweza kuvimba. Ukiletwa na bakteria, usaha ni mzito wa njano na kope hugandana asubuhi. Mzio hutambulika kwa mwasho usiovumilika, ute wa nyuzinyuzi, na tabia ya kurudi mara kwa mara. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wanao, na weupe wa macho yao hugeuka rangi ya udongo.

Virusi vya macho mekundu havina dawa ya kuviua. Jicho husafishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa cha baridi hupunguza uvimbe, na mwili unajiponya katika wiki moja hadi tatu. Kazi kubwa ni kutoambukiza wengine, kwani kirusi hiki huweza kuishi siku kadhaa kwenye kitasa cha mlango, taulo au simu. Bakteria hutibiwa kwa matone ya chloramphenicol au dawa ya mafuta ya tetracycline, na nafuu huonekana ndani ya siku mbili au tatu. Isipoonekana, utambuzi ulikuwa na kosa na jicho litazamwe upya.

Hatari kubwa iliyoko madukani ni vichupa vilivyochanganya antibiotiki na steroidi, yaani dawa inayotuliza uvimbe kwa kuuzima ulinzi wa mwili mahali hapo. Vinapendwa kwa sababu wekundu hupungua kwa siku moja. Lakini kama chini ya wekundu huo kuna fangasi au kirusi cha malengelenge, steroidi huvifungulia mlango. Ikitumika miezi mingi, hupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, na hayo huwapata hata watoto wanaowekewa kila wiki kwa ajili ya mzio. Msomaji anaweza kuitambua mwenyewe kwenye lebo: majina mengi ya steroidi huishia na -sone au -lone, kama dexamethasone, betamethasone na prednisolone. Dawa hizi ni nzuri mikononi mwa daktari aliyekwisha kulichunguza jicho kwa darubini. Bila uchunguzi huo zisiguswe.

Dalili zisizongoja

Jicho jekundu lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kupitia dukani, endapo kuna mojawapo ya haya:

- maumivu makali, tofauti na mwasho;
- kuona kiwaa ambacho hakiondoki baada ya kupepesa macho na kusafisha ute;
- mwanga kuumiza kiasi cha kushindwa kufungua jicho;
- doa jeupe juu ya konea;
- jeraha, kitu kilichoingia, au matumizi ya lenzi za kubandika;
- mgonjwa ni mtoto mchanga.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa husimama mita 6 kutoka kwenye chati ya herufi na kusoma kwa jicho moja moja. Matokeo huandikwa kama 6/6 kwa anayeona kawaida. 6/60 humaanisha kwamba anachokiona kutoka mita 6, mwenye macho mazima hukiona kutoka mita 60. Mhudumu aliyetoa dawa ya macho bila kupima hilo amebahatisha.

Kidonda cha konea

Mkulima anapura mahindi. Ganda linaruka na kumkwaruza jichoni. Anafikicha, anaendelea na kazi, na usiku jicho linawaka. Siku ya tatu anawekewa maji ya majani fulani, au maziwa ya mama, au kile kichupa cha dukani. Siku ya kumi anafika hospitali ya wilaya akiwa na doa la kijivu katikati ya konea. Mfululizo huu unajulikana mno kwa wauguzi wa macho wa vijijini, na karibu kila hatua yake ingeweza kukatizwa.

Mkwaruzo wenyewe hufunga kwa siku mbili tatu ukiachwa safi na kuwekewa antibiotiki. Shida ni kilichobebwa na ganda. Majani, mabua na udongo hujaa fangasi, na konea isiyo na mishipa ya damu huchelewa kupata askari wa mwili wa kupambana nao. Bakteria hula konea haraka, kwa saa na siku. Fangasi huenda polepole, kingo za kidonda zikiwa na manyoyamanyoya, na kwa sababu maumivu ya mwanzo huwa madogo, mgonjwa hupumbazika. Kirusi cha malengelenge huchora kidonda chenye matawi, na hurudia jicho lile lile baada ya miezi au miaka.

Kutofautisha haya matatu ndiko moyo wa tiba. Mtaalamu hugusisha ndani ya kope karatasi nyembamba yenye rangi ya chungwa iitwayo fluoresini, kisha humulika kwa mwanga wa bluu. Konea nzima hubaki nyeusi, na mahali ngozi yake ilipochubuka hung'aa kijani kibichi, hivyo umbo la kidonda huonekana wazi. Halafu jicho hutiwa ganzi ya matone, kingo za kidonda hukwanguliwa kwa ncha ya sindano au kisu kidogo, na kilichotoka hupakwa kwenye kigae cha maabara pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi. Kemikali hiyo huyeyusha chembe za jicho na kuziacha nyuzi za fangasi zikionekana chini ya hadubini. Ni kipimo cha dakika chache kinachowezekana katika maabara yoyote yenye hadubini, na inasikitisha kwamba hakifanywi katika hospitali nyingi zenye uwezo huo.

Tiba yake ni kazi ya usiku na mchana: matone kila saa kwa siku mbili za mwanzo, kisha kwa nafasi zaidi kwa wiki kadhaa. Kwa bakteria hutumika dawa kama ciprofloxacin. Kwa fangasi ni natamycin ya asilimia 5, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017, ingawa hadi leo kuipata nje ya hospitali kubwa ni taabu. Kwa malengelenge ni mafuta ya aciclovir mara tano kwa siku. Jicho lenye kidonda kilichoambukizwa halifungwi bandeji, maana joto na giza vinawafaa wadudu. Kidonda kikipona huacha kovu. Likiwa katikati, njia pekee ya kurudisha uoni ni kupandikiza konea ya mtu aliyefariki, na hizo ni chache.

Kwa watoto, konea huweza kuyeyuka bila jeraha lolote, pale surua inapompata mtoto mwenye upungufu wa vitamini A. Chanjo ya surua na vidonge vya vitamini A vinavyotolewa kila miezi sita vimeokoa macho mengi.

Vikope

Ugonjwa wa vikope, au trakoma, huletwa na bakteria aitwaye klamidia. Huenea kwa vidole, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto zenye makamasi na matongotongo. Ambukizo moja si kitu. Madhara hutokana na kuambukizwa tena na tena utotoni: upande wa ndani wa kope hupata makovu, makovu yanavuta, na ukubwani kope hujikunja zikaota kuelekea ndani. Kila mpepeso unakwaruza konea. Akina mama, wanaoshinda na watoto, huumia zaidi ya wanaume, na wengi huishi na kibanio cha kung'olea kope.

Utambuzi hufanywa kwa kugeuza kope ya juu na kutazama: vipele vyeupe kwa mtoto, mistari ya makovu kwa mkubwa. Kongwa, mkoani Dodoma, ni miongoni mwa mahali duniani ambapo ugonjwa huu ulichunguzwa kwa kina. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa pale watoto walipodumishwa na nyuso safi, vikope vikali vilipungua. Mpango unaotumika sasa una nguzo nne: upasuaji wa kugeuza kope zilizojikunja, antibiotiki ya azithromycin kwa jamii nzima, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Kampuni ya Pfizer imekuwa ikiitoa dawa hiyo bure tangu 1998. Oman ilithibitishwa kuumaliza ugonjwa kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012, Malawi 2022 na Burundi 2025. Kwa hiyo vikope si majaliwa ya watu wa nchi kavu na yenye vumbi.

Usaha wa mtoto mchanga

Mtoto anayevimba kope na kutoa usaha mwingi siku ya pili hadi ya tano baada ya kuzaliwa ahesabiwe kuwa ana kisonono hadi ithibitike vinginevyo. Bakteria wake huweza kutoboa konea kwa siku moja au mbili. Matone peke yake hayatoshi. Mtoto huchomwa sindano ya ceftriaxone, na wazazi wote wawili hutibiwa. Kinga ni mafuta ya tetracycline yanayopakwa mara tu baada ya kuzaliwa, na mzazi ana haki ya kuuliza kama yamepakwa.

Maambukizi yanayofika ndani

Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso, na hasa vipele vikishuka hadi ncha ya pua, jicho lina uwezekano mkubwa wa kuguswa, na aciclovir ya kumeza ianze ndani ya siku tatu. Kwa kijana, mkanda wa jeshi ni sababu ya kupima VVU. Toksoplazma, kimelea cha kinyesi cha paka na nyama isiyoiva, huacha kovu kwenye retina ambalo huweza kuwaka tena. Mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana, chembe za kinga za CD4 zikiwa chini ya 50, huweza kupata kirusi cha sitomegalo kinachounguza retina kimyakimya. Kaswende huiga karibu kila ugonjwa wa ndani ya jicho, na kipimo chake cha damu ni rahisi kiasi kwamba hakuna udhuru wa kukiacha.

Kwa ufupi: wekundu wenye mwasho na ute mwepesi huvumilika, wekundu wenye maumivu, kiwaa au doa jeupe ni dharura. Steroidi haianzwi kabla ya uchunguzi.

Kuitazama retina

Hadi katikati ya karne ya 19 hakuna daktari aliyewahi kuiona retina ya mtu aliye hai. Mboni ilikuwa tundu jeusi. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alitangaza kifaa chenye kioo kinachopeleka mwanga ndani ya mboni na kumruhusu mtazamaji kuona kwa mstari ule ule. Kifaa hicho, oftalmoskopu, kimeboreshwa tu. Kanuni yake ni ile ile. Ili kuona vizuri, mgonjwa huwekewa matone ya kutanua mboni. Baada ya dakika 20 hadi 30 mboni hufunguka, na kwa saa kadhaa maandishi ya karibu hayasomeki na jua linasumbua. Mgonjwa asiendeshe gari siku hiyo.

Huko nyuma ya jicho mishipa ya damu ya ndani ya mwili huonekana bila kupasua. Huko Blantyre, Malawi, madaktari waliokuwa wakiwatibu watoto waliozimia kwa malaria waligundua kwamba malaria ya ubongo huacha alama kwenye retina: mabaka meupe, damu iliyovuja, na mishipa iliyopauka. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza miili ya watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo, na 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Dalili iliyowatenga vizuri zaidi walipokuwa hai ilikuwa hali ya retina. Jicho lilisema ukweli kuhusu ubongo pale kipimo cha damu kilipopotosha.

Leo ipo pia mashine inayopiga picha ya retina kwa matabaka yake, na kamera za kuvalishwa juu ya simu. Nakuru, Kenya, timu ya daktari Andrew Bastawrous ilionyesha kuwa mtu asiye mtaalamu, akifundishwa, anaweza kupiga kwa simu picha ya nyuma ya jicho ambayo daktari aliye mbali ataitegemea.

Kisukari na retina

Sukari iliyozidi kwa miaka hudhoofisha kuta za mishipa midogo ya retina. Kwanza huota vivimbe vidogo, kisha majimaji na damu huvuja. Majimaji yakikusanyika kwenye makula, kitovu cha retina kinachosoma na kutambua nyuso, mgonjwa huanza kuona kiwaa. Baadaye, sehemu zilizokosa damu huita mishipa mipya, ambayo ni dhaifu, hupasuka, na hujaza jicho damu usiku mmoja. Maumivu hayapo hatua yoyote. Uoni huweza kuwa 6/6 wakati mishipa hiyo mibovu imekwisha kuota.

Ndiyo sababu mwenye kisukari cha aina ya pili hukaguliwa retina siku anayogunduliwa, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza huanza mwaka wa tano. Mama mjamzito mwenye kisukari hukaguliwa mapema na kurudiwa. Uingereza iliandaa ukaguzi wa kila mwaka kwa nchi nzima, na kufikia mwaka 2010 kisukari hakikuwa tena sababu inayoongoza ya upofu kwa watu wa umri wa kazi huko Uingereza na Wales, jambo lililokuwa halijaonekana kwa takriban miaka 50.

Tiba ya leza ya retina ilianza na bahati mbaya ya mtu mwingine. Julai 9, 1945 jua lilipatwa, na kijana mmoja aliyelitazama alifika kwa daktari Gerd Meyer-Schwickerath, Ujerumani, akiwa ameungua makula. Daktari huyo akawaza kwamba mwanga unaounguza unaweza pia kuziba. Alianza kwa kukusanya mwanga wa jua kwa vioo, akahamia kwenye taa kali, na baadaye leza ikachukua nafasi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1976 ulionyesha kuwa leza hupunguza upotevu mkubwa wa uoni kwa nusu au zaidi. Makula iliyovimba hutibiwa siku hizi kwa sindano ndani ya jicho. Bevacizumab, dawa ya saratani, hugawanywa katika vipimo vidogo vya miligramu 1.25, na iko katika orodha ya dawa muhimu kwa macho tangu 2013. Sindano hurudiwa kila mwezi mwanzoni. Hata hivyo, leza na sindano huzuia zaidi kuliko kurudisha, na hakuna mojawapo inayofaa kitu ikiwa sukari na presha ya damu vimeachwa.

Retina inapobanduka

Vimulimuli vya ghafla pembeni, mvua ya vidoa vyeusi vinavyoelea, kisha kivuli kama pazia kinachosogea kutoka upande mmoja: hizo ni dalili za retina kubanduka. Hutokea zaidi kwa wenye miwani mikali ya kuonea mbali, waliopigwa jichoni, na waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hadi miaka ya 1920 karibu kila aliyepatwa alipofuka. Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyeonyesha kwamba kiini ni tundu kwenye retina: majimaji hupenya nyuma yake na kuibandua, kama maji yanavyoibandua rangi ya ukuta. Ukiziba tundu, retina hurudi. Upasuaji wa leo hutumia leza, mshipi wa silikoni nje ya jicho, gesi au mafuta ya silikoni ndani yake. Mwenye gesi jichoni hapandi ndege, kwani gesi hutanuka angani na kupandisha presha ya jicho hadi kulipofusha. Kama makula haijabanduka, mgonjwa huhesabiwa saa, na anayeambiwa arudi wiki ijayo amepewa ushauri mbaya.

Retina za watoto

Wenye selimundu huweza kuota mishipa mibovu ya retina kama wenye kisukari, na kuanzia ujanani wakaguliwe. Watoto njiti huzaliwa retina ikiwa haijamaliza kupata mishipa. Oksijeni isiyodhibitiwa huivuruga zaidi. Kadiri hospitali zetu zinavyoziokoa roho zao, ndivyo ukaguzi wa macho yao wiki ya nne baada ya kuzaliwa unavyozidi kuwa wa lazima.

La mwisho ni saratani ya retina, retinoblastoma, inayowapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Mama ndiye anayeiona kwanza: mboni inang'aa nyeupe jioni, au picha ya simu yenye mwali inaonyesha jicho moja jekundu na jingine jeupe. Wengine huanza kwa makengeza. Ikiwahiwa, mtoto hupona, wakati mwingine jicho likibaki, wakati mwingine likitolewa ili kuokoa maisha. Ikichelewa, hupita kwenye mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 95 ya watoto hawa huishi, na sababu kubwa ni kuwahi. Mzazi anayeona mng'ao huo asingoje tarehe ya kliniki wala asikubali kupewa matone. Mtoto afikishwe kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo.